Waini ya Sh1,050 au ya Sh6,200? Tumezivisha magazeti, tukaonja

Habari zenu nyote mnaotazama. Niko jikoni kwangu hapa Section 58, Nakuru, na mezani mnaona chupa tano zilizovishwa gazeti kuanzia shingoni hadi kitakoni, zikafungwa kwa mpira. Kila moja ina namba yake. Hebu niwaeleze zilifikaje hapa.

Mwezi wa nne wakwe wa dada yangu walikuja kututembelea nyumbani. Nikataka tuonekane watu. Nikaingia duka moja la vileo, nikamwambia kijana wa kaunta, "Nipe waini nzuri." Hakuniuliza itanywewa na nani wala kwa chakula gani. Akanyoosha mkono hadi rafu ya juu kabisa, akaniteremshia chupa nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa. Sh6,200. Nikalipa. Jioni ile Mama akanywa funda moja, uso ukamkunjamana, akaweka glasi chini polepole na kuniambia, "Mwanangu nisamehe, mdomo wangu haujazoea vitu vya bei."

Mama yangu, nyumbani kwake, ananiomba msamaha kwa kinywaji nilichokileta mimi! Neno lile liliniuma hata leo. Ndiyo maana nimenunua chupa hizi tano, ile ya Sh6,200 ikiwa mojawapo, kwa sababu nataka kujua: pesa zikiongezeka, kinachoongezeka ndani ya chupa ni nini? Kama hujafikisha miaka 18, video hii si yako. Na kama hunywi, tafadhali usianze kwa ajili yangu.

Haya. Namba moja ni nyekundu tamu ya Afrika Kusini, Sh1,050. Namba mbili ni Leleshwa Shiraz, Sh1,400, na hii ni ya kwetu kabisa, maana mizabibu yake iko Morendat, Naivasha, ndani ya kaunti hii hii ya Nakuru. Namba tatu ni Casillero del Diablo ya Chile, Cabernet Sauvignon, Sh1,950. Namba nne ni Pinotage ya Afrika Kusini iliyokaa kwenye pipa, Sh3,400. Shiraz, Cabernet Sauvignon na Pinotage ni majina ya aina za zabibu. Namba tano mnaijua, ni ile Bordeaux ya Sh6,200. Hizo ndizo bei nilizolipa mimi. Kwako zinaweza kupanda au kushuka kidogo. Dada yangu alizifunga nikiwa nje, kwa hiyo hata mimi sikujua ipi ni ipi. Tulikuwa watano: Mama, dada, mimi, mwalimu jirani yetu, na mama mmoja wa Kericho anayeishi nyumba ya pili.

Mama alichagua namba moja, kisha namba tatu. Dada na mwalimu walichagua tatu. Mimi pia tatu, na ya pili nikaweka Leleshwa. Ina harufu ya pilipili manga, na sisemi hivyo kwa sababu ni ya nyumbani, maana sikujua naonja ipi. Namba tano hakuna aliyeipa nafasi ya kwanza. Hakuna hata mmoja.

Lakini mama wa Kericho ndiye aliyenifundisha kitu. Alipoinua namba nne, hakunywa kwanza. Alinusa, akanyamaza, akanusa tena. Kisha akasema, "Hii imepita kwenye sotet." Kwa asiyejua, sotet ni kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuchachushwa. Wakalenjin huchoma kijiti cha mti kama senetwet, wakasugua kwa kaa lake ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa, na ule moshi na majivu hukaa kwenye maziwa hadi siku unayokunywa. Na alikuwa sahihi kabisa! Pipa la waini hutengenezwa kwa mbao za mwaloni, na fundi huliwashia moto ndani hadi mbao zibadilike rangi. Waini hulala humo miezi mingi, ikivuta harufu ya moshi, vanila na karafuu. Mama huyu hajawahi kuona pipa la mwaloni maishani mwake, lakini pua yake ililijua kwa sababu ilikulia kwenye kibuyu.

Basi hapo ndipo pesa yako huanza kuonekana. Pipa la kawaida la Bordeaux hubeba lita 225, yaani chupa 300. Likiwa jipya, la mwaloni wa Ufaransa, bei yake yaweza kufika hata euro 900. Gawanya mwenyewe: euro 3 kwa kila chupa, kabla hujahesabu zabibu, kioo wala meli. Waini ya Sh1,000 haiwezi kubeba gharama hiyo, kwa hivyo nyingi hukaa kwenye matangi ya chuma, au hutiwa vipande vya mwaloni vikalowekwa humo. Si wizi huo. Ni bei yake tu.

Kitu cha pili ni ushuru, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa waini hapa Kenya hutozwa kwa kileo kilichomo: Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi. Chupa ni sentilita 75. Ikiwa na asilimia 13.5, kileo chake ni kama sentilita 10, na ushuru wake ni kama Sh228, iwe unainunua Sh1,000 au Sh6,000. Juu yake kuna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Kwa hiyo ukilipa Sh1,000, karibu Sh366 zimekwenda kwa hizo kodi mbili, na zinabaki kama Sh634 za kulipia forodha, kioo, lebo, meli hadi Mombasa, lori hadi Nakuru, faida ya muuzaji, halafu ndiyo waini yenyewe. Ukilipa Sh2,000, zinabaki karibu Sh1,500. Umeongeza bei mara mbili, lakini kilichobaki kwa ajili ya kinywaji kimezidi mara mbili. Ndiyo maana hatua ya kutoka Sh1,000 kwenda Sh2,000 unaisikia mdomoni waziwazi. Ukitoka Sh3,000 kwenda Sh6,000 unalipia vingine: ardhi ya Bordeaux, jina la shamba, mavuno machache.

Unalipia pia imani yako mwenyewe. Kuna utafiti wa California uliochapishwa mwaka wa 2008, ukiongozwa na Hilke Plassmann. Watu 20 walionjeshwa waini huku ubongo wao ukipigwa picha na mashine. Waini ile ile ya dola 90 waliambiwa mara nyingine ni ya dola 10. Walipoambiwa dola 90, waliipenda zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi. Yaani hawakuwa wakijifanya. Bei yenyewe ilikuwa imeingia kwenye ladha. Ndipo nikaelewa umuhimu wa gazeti hili mnaloliona.

Sasa namba tano. Naomba nisiionee. Haikuwa mbaya, ilikuwa changa. Unajua majani ya chai yakichemka kupita kiasi, ukanywa bila maziwa wala sukari, ulimi unakauka na fizi zinakazana? Ile ni tanini, na waini nyekundu inayo pia, kutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Bordeaux nyingi za bei hutengenezwa zikae miaka kadhaa chupani ndipo tanini ilainike. Mimi nilizibua kizibo saa ile ile, nikammiminia Mama bila hata kipande cha nyama. Jana usiku nilirudia na mabaki yake yaliyokaa wazi siku moja, pamoja na mbavu za mbuzi zenye mafuta, na ilikuwa kinywaji kingine kabisa. Mdomo wa Mama haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu na la yule kijana ambaye hakuuliza.

Ndugu zangu wa Kisumu, nyinyi mna jambo lenu: joto. Nilinunua chupa ya Sh2,800 huko iliyokuwa imepangwa dirishani, jua la saa nane likiipiga moja kwa moja. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu kidogo, na ndani ilikuwa na ladha ya jemu iliyoungua. Kwa hiyo usinunue ya dirishani, hata kama imepunguzwa bei. Na nyekundu iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuinywa. Wanaposema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, wanasema chumba cha Ulaya chenye nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Kisumu chini ya mabati. Popote ulipo, angalia stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, uithibitishe kwa programu ya simu ya Soma Label kabla hujatoa pesa.

Ushauri wangu kwa mfuko wa kawaida: kama ni ya kunywa na chakula nyumbani, kaa kati ya Sh1,400 na Sh2,200. Kama unapenda tamu, nunua tamu ya Sh1,000, ipoze vizuri, usimwombe mtu msamaha. Sh3,500 toa kama unapenda ule moshi wa pipa. Zaidi ya hapo, nunua ukiwa unajua jina la chupa, umri wake na nyama utakayoila nayo. Usinunue kwa sababu ya wageni.

Wakwe wanarudi Desemba. Safari hii Mama ameniandikia mwenyewe kwenye karatasi: mbili za namba moja, ziwe baridi, na moja ya namba tatu ya kulia nyama. Jumla Sh4,050. Chini yake ameandika, "Inatosha."