saveRDS ya R: namba zinarudi kama zilivyoondoka

Nawawekea hesabu za mauzo wafanyabiashara wa mchele wa jumla pale Tandale, na kazi yote naifanya kwa R, lugha ya programu ya kuchakata data. Zamani kila jioni nilihifadhi kwa CSV. Mwaka mzima sasa natumia saveRDS, amri ya R inayohifadhi data kwenye faili la RDS, na sirudi nyuma.

CSV ni maandishi tu. write.csv inaishia tarakimu 15, na ukilisoma faili upya R inaanza kukisia safu ipi ni namba na ipi ni maneno. Namba ya simu ya mteja inayoanza na sifuri inarudi bila sifuri yake. Jumlisha 0.1 na 0.2, hifadhi, kisha soma: unapata 0.3, lakini identical, amri ya kulinganisha, inakataa kwamba ni ileile, kwa sababu jibu la mwanzo lilikuwa na kimkia kule mwisho wa desimali. RDS haikisii chochote. Kila desimali inakaa kwenye baiti zake 8 na kuandikwa hivyohivyo, aina ya data ya kila safu inakwenda nayo, hata NA, alama ya R ya thamani isiyopo, inabaki NA. Tena faili linabanwa kwa gzip bila kuombwa, kwa hiyo nikilituma kwa simu bando haliumii.

Ila kuna jambo lilinitia aibu. read.csv ikikuta safu ya fedha haina desimali, inaiweka kama namba nzima ya baiti 4, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa shilingi yetu, mfanyabiashara wa jumla anafika hapo. Mauzo ya mwaka ya mama mmoja yalivuka, amri ya kujumlisha, sum, ikatoa NA pamoja na onyo ambalo sikulisoma, nami nikachapa ripoti nikampelekea. Akaitazama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii NA ndiyo shilingi ngapi?" Nilimwomba radhi, nikarudi nyumbani kurekebisha.

saveRDS haikuwa na kosa: niliipa namba nzima, ikanitunzia namba nzima siku zote hizo. Ndiyo maana sasa safu zote za fedha nazipitisha kwenye as.numeric, inayozigeuza kuwa namba za baiti 8, kabla ya kuhifadhi. Kwa baiti 8, shilingi kamili zinahesabika bila kukosea hadi zaidi ya trilioni 9,000, na Tandale hatujafika huko.

Excel haifungui RDS, kwa hiyo mhasibu bado namtolea nakala ya CSV. Na kama mwenzako ana R ya zamani, angalia: tangu R 3.6.0 ya mwaka 2019, saveRDS huandika kwa toleo la 3 la muundo wa faili, ambalo R iliyotangulia 3.5.0 haiwezi kulisoma. Rafiki yangu wa Sinza alihangaika na faili langu asubuhi nzima. Nikaongeza version = 2, nikamtumia tena, likafunguka.