Hanga nyembamba zisizoteleza kwenye kabati dogo: uzoefu wangu, Mtwara

Sehemu ya kutundikia nguo kwenye kabati letu ina upana wa sentimita 82 na kina cha sentimita 47. Namba hizi sasa nimezikariri, ila siku naagiza hanga mara ya kwanza nilikuwa sizijui, na kutozijua kulinigharimu shilingi 45,000. Ndiyo maana naanza nazo. Kabla hujauliza bei ya hanga yoyote, chukua futi, fungua kabati, pima kuanzia ubao wa nyuma mpaka pale mlango unapofungia. Halafu ndiyo uingie sokoni.

Tunaishi chumba na sebule huku Magomeni, Mtwara mjini, mimi na mume wangu. Kabati ni la mkongo, mama mkwe alichongewa na fundi wa Mikindani, likaja kwetu kwa kirikuu tulipooana. Ni zito kweli, halijawahi kuguswa na mdudu, na milango yake inafunga vizuri hadi leo. Ila lilichongwa zama ambazo nguo nyingi zilikunjwa na kupangwa kwenye rafu, kwa hiyo pa kutundikia pamebanwa upande mmoja. Humo yalipaswa kuingia madera yangu, mabaibui manne, magauni ya kazini (nafundisha shule ya msingi), mashati na suruali za mume wangu na kanzu zake mbili. Nguo zilizokosa nafasi zilikaa kwenye shangazi kaja juu ya kabati, na kila nilipoishusha nilianza kupiga pasi upya.

Lakini kilichonifanya nitoe hela ni kuteleza. Anayevaa dera anajua: shingo yake ni pana, kitambaa chake laini, ukilitundika kwenye hanga ya plastiki ya kawaida bega moja linashuka, la pili linafuata, asubuhi dera lipo sakafuni mwa kabati. Baibui nalo ni vilevile. Siku moja mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku kucha, nilifungua kabati saa kumi na moja alfajiri nitoe baibui la kwenda nalo msibani Mikindani. Nikalikuta chini limelalia viatu. Upande uliogusa ubao ulikuwa na ukungu mweupe, vidoa vya duara vilivyokaribiana, ukivipangusa kwa kidole vinaacha unga. Msibani nilikwenda na baibui la jirani. Jumamosi iliyofuata nilitoa nguo zote kabatini, nikazianika, nikaanza kutafuta hanga.

Za kwanza zilikuwa za velveti. Nilizipata kwa muuzaji wa Kariakoo kwa njia ya Wasap, hanga 50, nyeusi, zikaja na basi. Kwa kushika nguo, velveti haina mpinzani. Nilitundika dera la satini, nikafunga na kufungua mlango kwa nguvu mara kadhaa, halikusogea hata kidogo. Unene wake ni kama milimita 5, wakati hanga zangu za plastiki zilikuwa na unene wa sentimita moja na zaidi. Kulabu ya juu inazunguka, hivyo nguo unaigeuza utakavyo bila kuitoa.

Tatizo likaja kwenye urefu. Zilikuwa za sentimita 45 kutoka bega hadi bega. Kwenye kina cha 47 mtu anaweza kusema zinaingia, na ni kweli zinaingia zikiwa tupu. Ukishavika shati, mikono inaongeza upana huku na huku, mlango unasukuma, hanga inakaa mshazari. Zikikaa mshazari ishirini mfululizo, ile nafasi uliyoifuata kwenye wembamba inaliwa yote, maana kila moja inakula sehemu ya mwenzake. Makabati mengi ya siku hizi huchongwa kwa kina cha sentimita 55 hadi 60, na humo hanga ya 45 inakaa bila shida. La kwetu ni la kizamani. Dada yangu wa Masasi ana kabati la ukutani lenye kina cha kutosha, nikampelekea 30.

Zile 20 nilizobaki nazo nilizitumia kwa nguo zisizo na mikono na kwa kanzu, na hapo ndipo nikajua kasoro ya pili. Mume wangu alirudi kutoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe ina mistari ya vumbi jeusi mabegani. Velveti ya kwenye hanga si kitambaa kilichofumwa kikashonwa. Ni nyuzinyuzi fupi sana zilizobandikwa kwa gundi juu ya plastiki. Gundi ikiwa dhaifu, au hanga ikipata unyevu, nyuzi zinatoka na rangi inafuata. Mtwara unyevu hatuuombi, tunao: mvua zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hata kusi likivuma hewa ya baharini inaingia mpaka ndani ya droo. Isitoshe, wengi wetu tuna tabia ya kutoa nguo kwenye beseni, kuivika hanga na kuitundika kwenye kamba ili ikauke bila mikunjo. Usifanye hivyo kwa hanga ya velveti, hata kama muuzaji amekuhakikishia. Nguo iingie imekauka kabisa.

Kwa anayezitaka velveti, na kwa nguo za kuteleza nazipenda bado, kuna kipimo kimoja ninachokiamini. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikamue, halafu sugua bega la hanga kwa nguvu mara kumi. Kikitoka na rangi au manyoya, mrudishie mwenyewe. Za kwangu nilizifanyia baada ya kanzu kuharibika, zikachafua kitambaa kwenye msuguo wa tatu. Baadaye nilinunua nyingine 10 za rangi ya maziwa kwenye duka la vyombo karibu na soko kuu, nikazisugulia palepale dukani mama muuzaji akinitazama. Zilitoka safi. Hizo ninazo, na ndizo zinazobeba mabaibui.

Hanga ambazo zimebeba kabati langu kweli ni za aina nyingine: za chuma chembamba kilichovikwa mpira. Unene wake ni milimita 4 hivi, na hizi safari hii nilimwambia muuzaji anipimie kwanza. Ni sentimita 41. Niliagiza 40 kwa shilingi 36,000. Mpira wake unashika karibu sawa na velveti. Dera linakaa, shati linakaa, blauzi ya shifoni inakaa isipokuwa ile yenye shingo pana kupita kiasi. Na nguo mbichi inakubali: navika shati likiwa bado linachuruzika, natundika kambani, likikauka naliingiza kabatini na hanga yake. Kwa mtu anayetoka kazini saa tisa na kufua jioni, hilo peke yake limenipunguzia kazi sana.

Zichunguze lakini. Chuma na hewa ya chumvi hawapatani. Mpira ukifunika kila mahali, salama. Mahali ulipokatwa ndipo kutu inapoanzia. Ishike hanga shingoni, pale kulabu inapokutana na mabega, uangalie kama mpira umepanda au umeishia njiani. Kwenye zangu 40, sita zilikuwa na mwanya pale shingoni, upana wa unyuzi wa kushonea tu. Mwezi wa tano mwanya ule ukawa na rangi ya chai. Kutu ya hanga ikishika kola ya shati jeupe haitoki kwa sabuni ya unga, na jiki haisaidii, inaweza hata kuzidisha doa. Ndimu na chumvi juani vilinisaidia kwa shati moja. La pili lina doa mpaka leo. Hanga sita zile nilizitenga, natundikia mikanda na mikoba.

Jambo jingine ni mpira wenyewe. Hanga mbili katika fungu lile zilianza kunata joto lilipopanda mwezi wa kumi na mbili, ukitoa nguo unasikia kama unabandua plasta. Kabla ya kununua ifumbate mkononi kama dakika mbili ipate joto. Ikinata mkononi, itanata kabatini.

Nilijaribu pia zile za plastiki nyembamba zenye ukanda wa mpira mabegani. Hazina kutu na ni rahisi, dazani nililipa shilingi 6,000. Ukanda wa mpira ulibanduka kwenye hanga nne ndani ya miezi mitatu, na moja ilikatika ikiwa na suruali ya jinzi. Kwa nguo za watoto zinafaa.

Na zile za kushuka chini zenye tundu tisa, unaingiza kulabu za hanga nyingine kwenye matundu, kisha unaziachia zining'inie kama ngazi? Hizo ndizo zinazotangazwa sana kuwa zinaokoa nafasi, na ni kweli mashati tisa yanakaa penye nafasi ya mawili. Kwangu hazikufaa. Uzito wote unaning'inia upande mmoja, ukitaka shati la katikati unashusha yote, na mashati yanalaliana bila hewa. Baada ya wiki mbili za mvua yalitoa harufu ya uvundo ingawa yalikuwa masafi. Nimebakiza moja, ya mitandio, na kwa mitandio ni nzuri mno: kila tundu mtandio wake, naiona yote kwa mara moja.

Hapo kwenye hewa ndipo nataka kukazia, kwa sababu ndipo nilipokosea hata baada ya kupata hanga sahihi. Kabla, kabati lilikuwa likibeba nguo 34 za kutundika. Hanga za mpira zilipokuja nilifurahi nikajaza mpaka 56. Zilienea, mlango ulifunga, nikaona nimemaliza. Wiki ya tatu ya Desemba nikashika gauni la katikati, nikalisikia limepoa na lina unyevu kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka. Nafasi yote niliyookoa nilikuwa nimeijaza nguo, hewa haikubakiwa na pa kupita. Sasa naishia 46, na kipimo changu ni mkono: nikiingiza kiganja kilichonyooka kati ya nguo na nguo popote kwenye bomba la kutundikia, nazo zikasogea bila kusukumwa, ndiyo sawa. Siku za jua milango naiacha wazi kuanzia saa nne hadi adhuhuri. Ukungu haujarudi.

Bomba nalo liangalie. La kwetu lilikuwa la alumini nyepesi, nguo zilipoongezeka likaanza kupinda katikati na hanga zote zikawa zinakimbilia pale. Fundi aliweka kishikizo cha katikati na kubadilisha bomba kuwa la chuma la inchi moja kwa shilingi 12,000. Hakikisha tu kulabu ya hanga unayonunua ina mdomo wa kupita bomba lako, maana hanga nyingi nyembamba zina kulabu ndogo.

Vitenge na khanga situndiki, nakunja. Sweta pia, zile mbili tunazovaa tukienda Njombe: zikikaa kwenye hanga nyembamba zinavutika na kuota pembe mabegani. Koti la suti la mume wangu nimeliachia hanga ya mbao yenye mabega mapana, ile moja tu, maana hanga ya milimita 4 inaliharibu bega la koti na hakuna pasi ya kulirudisha.

Kwa asiye na hela ya kuagiza, mama mkwe ana njia yake na nimeitumia. Rababendi mabegani nilizijaribu mwanzo, joto la huku linazikausha na kuzikata ndani ya wiki chache. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinashika kweli ila vinaacha weusi kwenye nguo nyeupe. Yeye anachukua khanga iliyochakaa, iliyofuliwa mpaka imekuwa laini na rangi zimeisha kutoka, anaikata utepe wa vidole vitatu, anauzungusha kwenye mabega ya hanga ya plastiki na kuushona mwishoni kwa sindano. Pamba inashika dera vizuri, haichafui, na ikichafuka unaifumua unaifua. Ubaya wake ni unene, unaongezeka badala ya kupungua. Alinishonea nane akiwa kwetu, ameketi kibarazani na mkasi, kila hanga kama dakika tano. Sasa zinabeba madera yale mapana ambayo hata mpira unashindwa kuyashika.

Nimeagiza nyingine 20 za chuma na mpira kuziba pengo la zile sita na zile mbili za kunata. Muuzaji ni mwingine. Amenitumia picha ya hanga moja ikiwa juu ya rula, na nyingine ya shingo yake kwa karibu, mpira umepanda mpaka nusu ya kulabu. Zinakuja na basi Ijumaa.