Seti ya dishi la futi tatu ya kujifungia mwenyewe: dishi zuri, waya wa kutupa

Seti hizi zimejaa Kariakoo: boksi bapa lenye dishi la chuma la sentimita 90, mkono wa LNB (kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), LNB moja ya masafa ya Ku, kishikio cha ukutani, pakiti ya bolti na waya wa mita 10 uliokwisha kuwekewa vichwa. Tathmini hii ni ya kuifunga Dar es Salaam kwa ajili ya Azam TV, inayopatikana kwenye satelaiti za Eutelsat za nyuzi 7 Mashariki. Mwenye subira ya nusu siku aichukue, ila aweke akiba ya kununua waya mwingine.

Dishi lenyewe ni la kuridhisha. Rangi imeshika vizuri na ukingo ni mzito. Kabla ya kulipa, vuta kamba mbili nyembamba zipishane msalaba, kutoka ukingo hadi ukingo. Zikigusana pale katikati, dishi limenyooka. Zikiachana milimita kadhaa limepinda, omba jingine. Usishawishike na la sentimita 60 kwa sababu ni jepesi kubeba: la 90 lina eneo mara 2.25 ya hilo, na tofauti hiyo utaiona masika, wingu likijaa na jirani yako akibaki na kioo cheusi.

Waya ndio aibu ya boksi hili. Ukiuchuna, wavu wa nje ni nyuzi chache zilizotawanyika, na ukisogeza sumaku kwenye msumari wa kati (uzi mmoja mnene unaopita katikati ya waya) inanasa, yaani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mita 10 hilo la chuma tungelivumilia, lakini karibu na bahari ukwaruzo mmoja tu unaleta kutu. Ganda nalo hupasuka kwa jua, maji yakaingia. Nunua waya wa dishi wa aina ya RG6, wa ohm 75, wenye wavu mnene, na vichwa vipya vya kuzungusha. Chuna ganda milimita 15, kunja wavu wote nyuma, kisha kata plastiki nyeupe msumari ubaki wazi kama milimita 10. Zungusha kichwa mpaka msumari utokeze milimita 2 au 3. Uzi mmoja wa wavu ukigusa msumari ni shoti, na king'amuzi kitakataa kuipa LNB umeme. Chomoa king'amuzi kwenye soketi kila unapofunga au kufungua waya.

Kishikio kinataka bolti nne za kupanua ukutani za milimita 10. Zile za kwenye pakiti ni nyembamba, zinafaa kwa mbao. Andaa spana namba 10 na 13. Bomba la kishikio lazima lisimame wima kabisa, upime kwa pima maji pande mbili, mbele na ubavuni. Likiegemea, namba za kwenye kishikio zinakudanganya kila unapozungusha dishi.

Kutoka Dar, nyuzi 7 Mashariki iko magharibi, kaskazini kidogo: dira isome 280, mwinuko (pembe ya kutazama juu kutoka usawa wa ardhi) nyuzi 52. Soma dira mita mbili mbali na bati na nondo. Mnazi uliozidi dishi kwa mita 5 upande huo uwe umbali wa zaidi ya mita 4, la sivyo kila upepo ukivuma makuti yanakata picha.

Hapa wengi hupotea. Maelekezo ya kwenye boksi yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao hutafuta satelaiti kwa kuzungusha dishi kushoto na kulia. Kwetu, satelaiti za magharibi zimepangana juu na chini kama ngazi: ya nyuzi 10 iko juu ya hii tunayoitaka kwa nyuzi 3 hivi, ya nyuzi 5 iko chini yake kwa zaidi ya 2. Kwa hiyo bolti ya mwinuko ndiyo ya kugusa kwa upole. Sogeza kidogo sana, ngoja sekunde tatu king'amuzi kisome, sogeza tena. Dishi la ukubwa huu linaona upana wa nyuzi 2 tu, na kwenye bomba la milimita 50, nusu milimita ya mzunguko ni zaidi ya nyuzi 1.

Halafu LNB. Boksi linaonyesha imesimama wima, mdomo wa waya ukitazama chini. Ukiiacha hivyo, kwenye kipimo cha king'amuzi mstari wa nguvu ya mawimbi utapanda na wa ubora utabaki sifuri, nawe utazungusha dishi mpaka jua lizame. Satelaiti iko mbali magharibi mwetu juu ya ikweta, na sisi tuko jirani na ikweta, kwa hiyo tukiitazama ni kama imelala ubavu: mawimbi yake ya mlalo yanatufikia karibu yamesimama. Legeza skrubu mbili, igeuze LNB karibu nyuzi 80. Jaribu kulia, kisha kushoto, ubaki upande wenye ubora wa juu. Seti ingekuwa na karatasi moja tu ya Kiswahili inayosema hivyo, mafundi wangepungukiwa na nusu ya simu zao.

Ukikaza, kaza bolti kwa zamu huku mwenzako akitazama ubora, kwa sababu kukaza upande mmoja kunalivuta dishi. Acha waya uning'inie kitanzi chini ya LNB maji yadondokee hapo, na kichwa kifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha. Utepe wa karatasi haumalizi mwezi.

Anayetaka DStv, iliyo nyuzi 36 Mashariki, kutoka Dar dishi linatazama karibu utosini, mwinuko 81. Fungua boksi dukani uangalie mizani ya kishikio inafika namba ngapi, maana vipo vinavyoishia 60.