Nyumba ya maskini ya Southwell: nilimpeleka mama, akauliza kama ni jela

Nimewapa nyota nne. Makumbusho haya, The Workhouse, yako nje kidogo ya Southwell, mji mdogo wa Nottinghamshire hapa Uingereza. Kwa basi kutoka Nottingham si safari ya kuchosha. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, na majumba ya wafalme alishayachoka.

Ukiliona kwa mbali ni jengo zuri la matofali mekundu, ghorofa mbili juu ya ile ya chini. Lilijengwa mwaka 1824 kwa mpango wa kasisi mmoja, John Thomas Becher. Kabla yake, kwa sheria ya 1601, kila parokia iliwatunza maskini wake kwa kodi iliyotozwa wenye nyumba na mashamba, na wengi walisaidiwa wakiwa majumbani mwao. Kodi ikapanda, walipaji wakanung'unika. Becher akaziunganisha parokia 49 zijenge nyumba moja: mwenye nguvu zake akitaka msaada, aingie humo, avae sare, afanye kazi, atengwe na mkewe na wanawe. Masharti yaliwekwa makali makusudi, mtu aone heri njaa ya kwake. Mwaka 1834 serikali ikaeneza mtindo huo Uingereza na Wales.

Vyumba vingi vimeachwa vitupu, na kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote, maana unabaki unasoma kuta. Wazee na wagonjwa upande huu, wenye nguvu upande ule, wanaume mbali na wanawake, watoto peke yao. Ngazi zenyewe ni mbalimbali ili makundi yasikutane hata kwa bahati mbaya. Makao ya msimamizi yako katikati, madirisha yake yanatazama kila ua. Mama akasimama uani, akatazama juu.

"Sasa mwanangu, hii ni sadaka au kifungo?"

Nikamwambia hakuna aliyefungwa, waliruhusiwa kuondoka. Hakuridhika. Kwao mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Hapa walijenga jengo zima ili kijiji kizima kijue.

Katika nyumba za namna hii wanaume walipewa pia kazi ya kuchambua kamba kuukuu kwa vidole, zipatikane nyuzi za kukalafatia meli, yaani kuziba mianya ya mbao zake. Mama, ambaye babake alikuwa fundi wa majahazi, alicheka: kalafati ni kazi ya fundi anayeheshimiwa, hawa wamefanya utayarishaji wake kuwa adhabu.

Msikose chumba kilichopangwa kama kilivyokuwa miaka ya 1970, serikali ya mtaa ilipokuwa ikiwaweka humo akina mama na watoto waliokosa nyumba. Sheria ya maskini ilikuwa imefutwa tangu 1948, jengo likaendelea na kazi. Hapo nilikaa kuliko kwingine kote.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ukitoka hapo unaweza kudhani maskini wote waliishi ndani. Hata baada ya 1834 wengi zaidi waliendelea kusaidiwa makwao, na habari zao ningependa kuziona zikipewa nafasi kubwa.

Angalieni siku za kufunguliwa kabla ya kutoka. Mwenye magoti mabovu abaki chini, ngazi ni nyingi. Bustani ya mboga inamtosha. Na mkirudi mjini kuleni keki ya tufaha: mti wa kwanza wa Bramley, tufaha la kupikia, uliota Southwell hapo hapo.