Kozi ya ukalimani wa dharura kwa simu: uzoefu wangu nikiwa Mtwara

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Mtwara, na siku zote niliamini kujua lugha kunatosha. Kisha mgeni kutoka Uingereza akaanguka na bodaboda njia ya Mikindani, nikaitwa zahanati nimtafsirie. Akasema dawa ya maumivu ameimeza kama saa mbili zilizopita. Kwa haraka nikamwambia nesi, “Amemeza saa mbili.” Nesi akaandika saa mbili asubuhi. Muda ule ilikuwa saa tisa alasiri, kwa hiyo akamwandalia dozi nyingine. Mgeni mwenyewe ndiye aliyeikataa. Usiku ule sikulala.

Ndipo nikajiunga na kozi ya mtandaoni ya wiki sita, inayowaandaa wanaojua Kiingereza kufanya ukalimani wakati wa dharura.

Kilichonijenga ni mazoezi ya sauti. Daktari anauliza, sauti inasimama, unatafsiri huku simu ikikurekodi, halafu unajisikiliza. Nilijisikia nikiruka maneno na kuongeza yangu. Mkalimani husema “naumwa kifua”, si “anasema anaumwa kifua”. Haongezi, hapunguzi, na asipoelewa huuliza kwanza. Zoezi la kumwelekeza mtu kukandamiza kifua cha aliyezimia na asiyepumua kawaida, mara 100 hadi 120 kwa dakika, nimelirudia mpaka limekaa mdomoni.

Masomo yanapakuliwa, hivyo hata umeme na mtandao vikikatika unaendelea. Vipindi vya video na mwalimu ndivyo vilivyonila bando, na vingi vilikatika katikati.

Lakini mifano yake ni ya Marekani: simu za 911, magari kuteleza kwenye theluji. Kwetu ni 112, na Zimamoto 114. Tena “ameumwa” huku yaweza kuwa homa, yaweza kuwa nyoka. Na mtu akikimbilia zahanati msimu wa kupulizia mikorosho akisema “mtoto amekunywa dawa”, orodha ya maneno ya kozi inakupa dawa ya hospitali tu. Hapo unaweza kupoteza mtoto. Bibi anayejua Kimakonde peke yake naye hakukumbukwa kabisa.

Hata hivyo, walimu wenzangu na waongoza watalii, isomeni, ila mkae na nesi wa kwenu mjaze mapengo. Mimi na nesi jirani yangu tumeanza kurekodi maswali yetu wenyewe. La kwanza: “Dawa gani, ya kumeza au ya mikorosho?”