Viza ya siku 15? Mjukuu wangu amezaliwa nikiwa bado nasubiri

Yule kijana wa dirishani aliirudisha barua yangu kwa ncha ya kalamu. Hakuigusa. Aliisukuma na kalamu mpaka ikapita chini ya kioo ikanifikia, akasema, "Mama, hii ipo Kiswahili. Hapa haisomeki."

Ilikuwa barua ya serikali ya mtaa wetu hapa Dodoma. Ina muhuri, mwenyekiti kaisaini, na imeandikwa kwamba mimi ni mkazi, nina nyumba, nina shamba la zabibu Mpunguzi, nakwenda kumwona binti yangu na nitarudi. Nilimwuliza, "Mwanangu, haisomeki kwa nani? Wewe si umeisoma?" Akanijibu nikatafsiri, nikishatafsiri nichukue miadi upya, aje mwingine. Akaita namba inayofuata huku karatasi zangu bado zimetapakaa mbele yake.

Nimeulizwa na majirani, na wenzangu wa kanisani, na wamama wa vikoba, viza ya Ulaya inachukua muda gani. Nimeona niandike mara moja ili nisirudie, maana kila nikisimulia nalala vibaya.

Kwenye maandishi jibu ni siku 15. Ndivyo ilivyo kwa nchi zote 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, na wakiona kuna la kuchunguza wanaweza kusogea mpaka 45. Mimi niliposikia 15 nikashika hiyo 15. Mimba ya binti yangu ilikuwa imeingia mwezi wa nane, nikasema muda upo. Nikasaga uwele, nikakausha mlenda, nikanunua vitenge vya kumbebea mtoto. Kwetu binti akijifungua uzao wa kwanza mama yake anakuwepo. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anamshika mtoto usiku ili mzazi apate usingizi. Mama yangu alinifanyia hivyo, na bibi yangu alimfanyia mama.

Zimekwenda siku 71.

Siku 15 zile hazianzi siku unayoanza wewe kuhangaika. Zinaanza siku faili lako linapokubaliwa kwamba limekamilika. Kabla ya hapo kuna kutafuta miadi, na huko ndiko siku zinakoliwa. Unafungua kalenda yao kwenye simu, kila tarehe imezibwa. Unaamka usiku wa manane unafungua tena, imezibwa. Mpwa wangu alikuwa akinisaidia kila jioni akitoka kazini. Tulipopata nafasi ya kwanza ilikuwa mbali, mpaka nilipofika dirishani kwa yule kijana siku 26 zilikuwa zimekwisha.

Kituo chenyewe sikitaji jina. Ni kampuni inayopokea makaratasi kwa niaba ya ubalozi, ipo Dar es Salaam, na kwa nchi anayokaa binti yangu huna mlango mwingine wa kupitia. Kwa hiyo hata nikiwaambia msiende, mtakwenda tu.

Na hili la Dar lazima niliseme. Serikali imehamia kwetu, Wizara ya Mambo ya Nje ipo hapa Mtumba, magari ya mawaziri tunapishana nayo barabarani kila siku. Balozi karibu zote bado zipo Dar. Mtu wa Oysterbay akiambiwa kalete karatasi nyingine anakwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Mimi ni kilomita kama 450. Miadi yangu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo nilipanda basi la usiku pale Nanenane, Morogoro nikapita watu wote wamelala, alfajiri nikashukia Mbezi na miguu imevimba. Nikanawa uso stendi, nikabadilisha gauni chooni ili nisionekane nimetoka safari. Nilitaka nionekane mtu wa heshima, kwa sababu nilikwenda kuomba.

Halafu kalamu.

Sijui kama nitaeleweka. Angeniambia kwa maneno mazuri kwamba karatasi zote ziwe kwenye lugha wanayoielewa wenye viza, ningekubali pale pale, ni haki yao. Kilichonichoma ni "haisomeki". Kijana Mtanzania, ameongea na mimi Kiswahili tangu nilipokaa, anaiambia barua ya Kiswahili kwamba haisomeki, na mimi mwanamke wa umri wa mama yake nimesimama mbele yake. Mlinzi wa mlangoni ndiye aliyenionea huruma. Aliniletea kiti, akasema, "Kaa kwanza mama yangu, usitoke hivyo." Namshukuru mpaka leo.

Tafsiri niliipata hapa Dodoma kwa siku mbili. Miadi ndiyo haikupatikana. Tukarudi kwenye kalenda ile ile iliyozibwa, na safari hii zikapita siku 33.

Katikati ya siku hizo mkwe wangu, ambaye ni mtu wa kusoma sana, alinisomea kwenye simu sheria yao ya viza, ile namba 810 ya mwaka 2009. Imeandikwa humo kwamba miadi kwa kawaida itolewe ndani ya wiki mbili tangu mtu alipoiomba. Wiki mbili! Nikamwambia asome tena, akasoma tena. Imeandikwa pia kwamba mwombaji apokelewe kwa adabu, na makampuni yanayopokea maombi kwa niaba ya balozi yanabanwa na sharti hilo hilo. Kwa hiyo adabu ni haki iliyoandikwa, nami sikupewa. Nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba labda nimedeka, labda ni uzee. Nilipoyasikia hayo hasira ilirudi upya kama siku ya kwanza.

Mtoto alizaliwa siku nne kabla ya miadi yangu ya pili. Simu ililia saa tisa usiku. Alijifungua kwa upasuaji. Alikuwa na mumewe na wauguzi, Mungu awabariki, lakini walipomwuliza anataka nini alisema anamtaka mama. Mkwe wangu aliniambia hilo kwa nia njema, na sijalisahau.

Hesabu hii nimeifanya mara nyingi mno. Kama faili langu lingepokelewa siku ile ya kwanza, hata kwa mwendo ule ule uliofuata, ningekuwa na pasipoti mkononi siku ya 38. Ningefika wiki mbili na zaidi kabla ya uchungu. Karatasi moja ndiyo iliyoninyima.

Safari ya pili nilijifunza, nikaondoka siku moja kabla kwa treni ya SGR, daraja la kawaida shilingi 31,000, nikalala kwa mdogo wangu Tabata. Asubuhi nikapelekwa dirisha jingine, kwa binti mdogo tu. "Shikamoo mama, pole na safari." Alipoona jina la binti yangu kwenye mwaliko akaniuliza kama ameshajifungua. Nikashindwa kujibu. Akasubiri mpaka nikatulia, hakunikimbiza.

Akazipanga karatasi zangu moja moja: mwaliko, bima ya safari ile ya kuanzia euro 30,000, taarifa ya benki, cheti cha kuzaliwa cha binti yangu cha kuonyesha kwamba mimi ndiye mama, hati ya nyumba. Alipofika kwenye barua ya mtaa na tafsiri yake akaziweka kando. Akasema kwa upole, "Hizi hazimo kwenye orodha, mama. Si lazima. Niziambatishe au nikurudishie?"

Nilimwomba arudie.

Hazikuwa lazima. Hazijawahi kuwa lazima. Barua ile niliiongeza mwenyewe, kwa sababu nilidhani mtu asiyenijua huko Ulaya angefurahi kusikia mtaa mzima unanishuhudia. Yule kijana angeweza kuitoa tu akanirudishia, akapokea mengine yote, nikaenda zangu. Badala yake alinirudisha Dodoma mikono mitupu, siku 33, kwa karatasi ambayo hakuna aliyeitaka. Labda hakuijua kazi yake. Labda alikuwa amechoka, foleni ilikuwa ndefu kweli siku ile, sikatai. Nimejaribu kumtetea moyoni na kila nikifika kwenye ile kalamu nashindwa.

Nilimwambia yule binti aziambatishe zote mbili.

Sasa niseme la haki. Faili lilipofika ubalozini lilikaa siku 9. Siku ya kumi napata ujumbe kwamba pasipoti iko tayari kuchukuliwa. Tisa tu, kwa watu ambao wana ruhusa ya 15. Hakuna aliyenipigia kuniuliza swali la ajabu, hakuna aliyeniomba kitu chini ya meza. Nilikuwa nimejiandaa kukataliwa na kupoteza zile euro 90, maana wakikataa hazirudi. Wamenipa. Kwa hiyo kama unaniuliza habari za ubalozi, nasema wanafanya kazi yao vizuri na upesi, na aliyewasema vibaya hajapita kwao.

Hapa niliacha kuandika nikaenda kupika. Nimerudi na siyaamini tena niliyoandika hapo juu. Yule kijana amewekwa pale na nani? Kalenda ile iliyozibwa ni ya nani? Ubalozi ndio uliochagua kampuni, na sheria ni ya kwao wenyewe. Siku 9 ni nzuri kwa faili. Mimi sikukaa kwenye faili siku hizo 71, nilikuwa jikoni kwangu na simu mkononi. Siwezi kuwasifia watu kwa upesi wa chumba cha ndani huku mlangoni wameweka kizuizi. Basi sifa yangu naigawa: ya binti wa dirisha la pili na ya mlinzi wanayo yote. Wengine wasubiri kama nilivyosubiri.

Niliomba pasipoti itumwe kwa basi kama tunavyotuma mizigo yetu yote, wakakataa, nikaenda safari ya tatu. Hiyo ilimeza siku 3 zilizobaki. Treni asubuhi, treni jioni, nikarudi nayo kifuani ndani ya gauni.

Kwa mnaotaka kujipanga: mnaruhusiwa kuomba miezi 6 kabla ya safari. Miezi 6. Mimi hilo sikuambiwa na mtu, na kama una mtoto huko mwenye mimba, anza siku ile ile anayokwambia. Pasipoti isiwasumbue, Uhamiaji ipo hapa hapa kwetu, ni shilingi 150,000, yangu ilitoka bila maneno. Alama za vidole wakishazichukua zinatumika kwa miezi 59, kwa hiyo ukiomba tena ndani ya muda huo huenda usiitwe kuweka vidole upya. Kiingereza cha karatasi zako kiwe tayari kabla hujapanda basi. Na peleka orodha yao iliyochapwa, iweke juu ya kioo, mtu akikurudisha mwulize ni namba gani kwenye orodha hiyo. Mimi sikuwa nayo mkononi. Ilikuwa kwenye simu, na simu walikuwa wameniambia nizime.

Jirani yangu aliyempeleka mumewe India kutibiwa anasema yeye alijaza kila kitu kwenye intaneti, akajibiwa ndani ya siku chache bila kutia mguu Dar. Namshangaa na kumwonea wivu. Kwa hiyo inawezekana.

Tiketi ni ya wiki ijayo. Mjukuu atakuwa na wiki tatu na ushee, kitovu kilishadondoka, maji ya moto binti yangu anajikanda mwenyewe kwa kuelekezwa kwenye simu, kidonda kinapona. Uwele nimeusaga upya, ule wa kwanza ulishaanza kuwa mchungu.

Jana nilipita kwa mwenyekiti wa mtaa kumuaga. Alifurahi sana kuiona viza, akaishika pasipoti kwa mikono miwili, akaifungua ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaniuliza, "Na ile barua yetu, mama, ilisaidia?"

Nikamwambia ilisaidia.