Doodle ya Bach: sauti nne kwa kubofya mara moja, kalamu nyekundu uwe nayo wewe

Google iliitoa Doodle hii, mchezo mdogo wa muziki kwenye ukurasa wake wa mbele, tarehe 21 Machi 2019 kumkumbuka mtunzi Johann Sebastian Bach. Unaandika soprano, nayo inaongeza alto, teno na besi kwa mtindo wa korale, yaani nyimbo za kanisa za Kilutheri zenye sauti nne. Imo bado kwenye hifadhi ya Doodle, bure, na hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Kinachopanga sauti ni modeli ya akili bandia iitwayo Coconet, iliyofundishwa kwa korale 306 za Bach. Nota zilifutwa hapa na pale, nayo ikajifunza kukisia zilizokosekana. Haikupewa kanuni hata moja ya harmoni, na hilo linaeleza uzuri wake na ubovu wake pia.

Nafasi ni vipimo viwili tu vya mapigo manne. Tumia nota za pigo moja moja, tembea d r m (herufi za solfa: do, re, mi, fa, so, la, ti) badala ya kurukaruka, umalizie r–d au t–d ili besi ipate njia ya s–d. Ukiachia wimbo hewani kwenye l, mwisho nao utaning'inia. Bofya mara tatu nne: kila mara huja jibu jingine, kwa sababu nota huchaguliwa kwa bahati nasibu yenye uzito. La kwanza si lazima liwe bora.

Kosa linalojirudia ni kwinti na oktavu sambamba, yaani sauti mbili zinazotembea pamoja zikiwa zimeachana kwa nota tano au nane. Soprano ikipanda d–r na besi ikapanda d–r vilevile, hapo huna tena sauti nne, una tatu. Pakua MIDI (faili la nota), ifungue kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota, ukague jozi zote sita za sauti, ukianza na soprano na besi, kwani hizo ndizo sikio huzidaka kwanza. Dawa ni kupeleka besi kinyume: soprano d–r, besi d ishuke t, kisha upange upya alto na teno.

Maneno haiyajui kabisa. Alto au teno hupewa nusu pigo mbili juu ya silabi moja ya soprano. Kwa Kiswahili, ambapo kwaya imezoea silabi moja kwa nota moja, teno watakimbilia silabi inayofuata. Weka upinde, au futa nota ya kupitia. Na kwaya inayosoma tonik solfa ijiandae kunakili kwa mkono.

Nyimbo za kupokezana zenye nota tano usiipe. Itachomeka f na t katika sauti za ndani, na ladha itapotea hata pale kanuni zote zimetimizwa.

Anayetaka korale nzima atazame DeepBach, modeli nyingine ya aina hii, ya maabara ya Sony CSL, Paris. Unaiwekea fermata (alama ya kushikilia nota) mahali mistari inapoishia, nayo huzifuata inapofunga kituo. Ila kuisakinisha kunataka mtu anayeielewa Python, lugha ya programu za kompyuta.